Matone au sindano? Chanjo mbili za polio zikiwekwa bega kwa bega

Mtoto amechomwa sindano ya polio kliniki, kadi yake imejazwa, mzazi ametulia. Wiki mbili baadaye wahudumu wa afya wanabisha hodi wamebeba kasha lenye barafu na chupa ndogo za matone. Mzazi anauliza, "Si amekwisha chanjwa?" Anajibiwa kwamba ndiyo, lakini apewe na haya. Hapo mashaka huingia. Mzazi mwingine amesikia kwamba matone yana virusi hai, naye amekataa katakata. Wa tatu amehamia nchi isiyotoa matone kabisa, na anajiuliza kama mwanawe anapunjwa. Maswali yao wote ni ya haki. Chanjo za polio ni mbili, hazifanyi kazi moja, na ni nadra mtu kuketi na mzazi akamweleza zinatofautiana wapi.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya wazazi na walezi waliofika njia panda hiyo, na pia kwa watu wazima wanaosafiri bila kuwa na hakika walichanjwa nini utotoni. Mara nyingi hutaulizwa uchague, kwa kuwa ratiba ya nchi unayoishi imekwisha kuamua. Hata hivyo kuna maamuzi yanayobaki mikononi mwako: kupokea dozi ya ziada au kuikataa, kungoja au kutongoja, kumwambia au kutomwambia mhudumu habari za ugonjwa wa mtu wa nyumbani ambazo zingebadilisha chanjo inayotolewa.

Kwanza ugonjwa wenyewe

Virusi vya polio huingia kwa mdomo, mara nyingi kupitia maji, chakula au mikono iliyochafuliwa na kinyesi cha aliyeambukizwa. Huzaliana kooni na utumboni, kisha hutoka na kinyesi kwa wiki kadhaa. Watu saba hivi kati ya kumi walioambukizwa hawahisi kitu. Wengine hupata homa, uchovu, maumivu ya kichwa, kutapika, shingo kukakamaa, halafu hupona. Ila takriban mtu mmoja kati ya 200, virusi humpenya hadi kwenye uti wa mgongo na kuua seli za neva zinazoiamrisha misuli. Mguu uliokuwa ukikimbia asubuhi waweza kulegea jioni, na usirudie nguvu zake tena. Katika kila watu 100 wanaopooza, kati ya 5 na 10 hufa kwa sababu misuli ya kupumua nayo imesimama. Dawa ya kuuponya ugonjwa huu haipo. Wapo hata waliopona wakaishi vizuri, kisha miaka 15 hadi 40 baadaye udhaifu wa misuli ukawarudia.

Shika mahali pawili katika maelezo hayo, utumbo na neva. Utumboni ndipo virusi vinapoishi na kusambaa. Nevani ndipo vinapolemaza. Matone na sindano hutofautiana kwa sababu kila moja imesimama kulinda mahali pake.

Virusi hivi vina aina tatu. Aina ya 2 ya asili, yaani isiyotokana na chanjo, ilithibitishwa kutoweka duniani mwaka 2015, na aina ya 3 mwaka 2019. Aina ya 1 bado haijakatika nchini Afghanistan na Pakistan. Mwaka 1988, mataifa yalipoazimia kuufuta ugonjwa huu, ulikuwa ukipoozesha watu wanaokadiriwa kufika 350,000 kila mwaka katika nchi zaidi ya 125. Tangu hapo kesi zimepungua kwa zaidi ya asilimia 99, na kilichozipunguza ni hizi chanjo mbili.

Kuna anayesema usafi unatosha. Maji salama, choo na kunawa mikono hupunguza maambukizi, na ni vitu vya kung'ang'ania kwa sababu nyingi nyingine. Lakini historia ya polio inashangaza hapa. Milipuko mikubwa ya karne ya 20 ilizipiga nchi zilizokuwa zimeanza kuwa safi. Zamani watoto waliambukizwa wakiwa wachanga, wangali na kingamwili walizorithi kwa mama. Usafi ulipoongezeka, wakawa wanakutana na virusi baadaye, kinga ya mama ikiwa imekwisha. Marekani mwaka 1952 ilihesabu wagonjwa zaidi ya 57,000. Kwa hiyo usafi siuweki kama chaguo la kushindanishwa na chanjo. Uko upande wa chanjo zote mbili.

Vigezo vya kupimia

Nitauliza maswali matano. Chanjo inafanyaje kazi mwilini? Inamlinda nani, aliyechanjwa peke yake au na walio karibu naye? Ina hatari gani? Inatolewa na kutunzwa vipi? Inamfaa nani? Pamoja na matone na sindano nitaitazama njia ya tatu, ya kutoa zote mbili, maana nchi nyingi ndiyo zinayoifuata. Swali la pili na la tatu yatachukua nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa ndiyo yanayowagombanisha watu.

1. Inavyofanya kazi

*Matone.* Ndani yake mna virusi hai vya polio vilivyodhoofishwa. Ni kazi ya Albert Sabin, iliyojaribiwa kwa mamilioni ya watoto katika Muungano wa Kisovieti kuanzia mwaka 1959, kisha ikaenea duniani miaka ya mwanzo ya 1960. Mtoto hudondoshewa matone mawili mdomoni. Virusi hivyo dhaifu huteremka na kuzaliana utumboni kwa njia ileile ambayo virusi vikali vingepita, na mwili hujifunza kupigana papo hapo mlangoni. Matone ya kawaida ya siku hizi yana aina ya 1 na ya 3 tu. Aina ya 2 iliondolewa Aprili 2016 katika nchi na maeneo 155 kwa pamoja. Sababu yake tutaikuta kwenye hatari. Panapozuka virusi vya aina ya 2, hutolewa matone maalumu ya aina hiyo.

*Sindano.* Ina virusi vilivyouawa. Jonas Salk ndiye aliyeiunda, na matokeo ya majaribio yake yalitangazwa tarehe 12 Aprili 1955. Kilichokufa hakizaliani, kwa hiyo chanjo hii haiwezi kumpa mtu polio wala kutoka kwake kwenda kwa mwingine. Huchomwa kwenye paja la mtoto mchanga au mkononi kwa mkubwa, nayo huuzoeza mwili kutengeneza kingamwili ndani ya damu. Hukinga aina zote tatu. Katika nchi nyingi huchanganywa na chanjo za dondakoo, pepopunda, kifaduro na nyinginezo, mtoto akachomwa mara moja badala ya mara nyingi.

*Zote mbili.* Katika mpangilio ulioenea sana, mtoto hupata matone tangu kuzaliwa au wiki ya 6, yakarudiwa wiki ya 10 na ya 14, na sindano ikaanza wiki ya 14, kisha ya pili baada ya miezi minne au zaidi. Zipo nchi zinazogeuza, zikaanza na sindano kisha matone. Mpangilio huo wa kugeuza una faida yake, nayo iko chini ya hatari.

2. Inamlinda nani

Kingamwili za damuni ni kama walinzi waliosimama barabarani kati ya utumbo na uti wa mgongo. Virusi vikiingia damuni hukutana nao na kukomea hapo. Hiyo ndiyo nguvu ya *sindano*. Dozi mbili humkinga mtoto kwa takriban asilimia 90, na dozi tatu kwa asilimia 99 au zaidi. Kwa mzazi anayeuliza swali moja tu, kama mtoto huyu atapooza au hatapooza, sindano ina jibu zuri sana.

Lakini walinzi hao hawakai utumboni. Mtoto aliyepata sindano pekee akimeza virusi, vyaweza kuzaliana tumboni mwake na kutoka na kinyesi, huku yeye akicheza akiwa mzima kabisa. Yaliyotokea Israel mwaka 2013 yanaonyesha jambo hili kuliko maelezo yoyote. Nchi ile ilikuwa ikitoa sindano peke yake tangu mwaka 2005, na idadi ya waliochanjwa ilikuwa kubwa mno. Hata hivyo vipimo vya maji taka vikaonyesha kwamba virusi vya asili vya aina ya 1 vinazunguka kimyakimya. Hakupooza mtu hata mmoja, na hiyo ni kazi ya sindano. Lakini virusi havikukoma, kwa kuwa sindano haikuufunga utumbo. Serikali ikaamua kuwapa matone watoto wa chini ya miaka 10 nchi nzima, wakiwemo waliokamilisha sindano, ili kuukata mnyororo.

*Matone* huufunga utumbo. Mtoto aliyeyapata sawasawa akikutana na virusi vikali, mara nyingi havipati pa kuzaliana, au huzaliana kidogo na kwa muda mfupi. Isitoshe, virusi dhaifu vya chanjo hutoka na kinyesi na huweza kumfikia ndugu au jirani ambaye hakuchanjwa, vikampa kinga bila yeye kujua. Kwa kukomesha mlipuko, sijaona kinachoyashinda.

Udhaifu wake ni kwamba hayashiki kwa kila mtoto sawasawa. Tumbo lenye kuhara au lililojaa maambukizi mengine huweza kuvizuia virusi vya chanjo visikae. Kaskazini mwa India watoto wengi walihitaji kurudiwa tena na tena, wengine zaidi ya mara kumi, kabla ya maambukizi kukatika. Kazi hiyo ya kuchosha ilizaa matunda: kesi ya mwisho ya virusi vya asili nchini humo ilikuwa Januari 2011. Kwa hiyo unapoambiwa mtoto arudiwe matone, usione kwamba mara ya kwanza walikosea. Kurudia ndiko kunakoziba pengo hili, na dozi za ziada hazimdhuru.

*Zote mbili* hufanya kitu ambacho hakuna iliyo peke yake inayokifanya. Utafiti uliofanyika India na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mtoto aliyekwisha pata matone, akiongezewa sindano moja, kinga ya utumbo wake huamka kuliko angeongezewa matone tena. Sindano huitia nguvu kumbukumbu ambayo matone yaliianzisha. Kwa aliyepata sindano pekee tangu mwanzo, kumbukumbu hiyo ya utumbo ni hafifu, hivyo hapo hakuna cha kuamshwa.

3. Hatari

Kwa *sindano*, hatari ni ndogo na za kawaida: maumivu mahali palipochomwa, wekundu, homa kidogo mara chache. Asiyestahili kuipata ni aliyewahi kupata mzio mkali kwa dozi iliyotangulia au kwa dawa za neomycin, streptomycin au polymyxin B, ambazo mabaki yake madogo sana huweza kuwamo. Historia ya chanjo hii ina doa moja. Mwaka 1955 nchini Marekani, shehena ambazo virusi vyake havikuuawa sawasawa zilipoozesha watoto kadhaa na wengine wakafa. Masharti ya ukaguzi wa chanjo yalibadilishwa kutokana na msiba ule, na hayajalegezwa.

Kwa *matone*, nitachukua muda, kwa sababu hapa pana hatari mbili ambazo watu huzichanganya, na mchanganyiko huo ndio unaozaa hofu.

Ya kwanza inamhusu anayepewa au mtu wa karibu yake. Mara chache mno virusi vya chanjo hubadilika ndani ya mwili wa mtu na kumpoozesha. Shirika la Afya Duniani hukadiria kesi moja kwa takriban dozi milioni 2.7, na mara nyingi ni katika dozi ya kwanza. Ni nadra, lakini kwa familia iliyofikwa neno "nadra" halifuti chozi. Marekani ilikuwa na kesi 8 hadi 10 za namna hii kila mwaka, ilhali virusi vya asili vilikuwa vimekatika huko tangu mwaka 1979. Hesabu ikawa imegeuka, chanjo ikiwapoozesha watu wengi kuliko ugonjwa. Ndiyo maana tangu mwaka 2000 nchi hiyo hutoa sindano pekee. Palipo na hatari ya kweli ya virusi vikali hesabu ni nyingine kabisa, kwani mmoja kati ya 200 na mmoja kati ya mamilioni ni namba zisizokaribiana. Mtoto akitanguliziwa sindano kabla ya matone hatari hii karibu inakwisha, na hiyo ndiyo faida ya ratiba zinazoanza na sindano. Wenye kinga ya mwili yenye hitilafu kubwa ya kuzaliwa hawapaswi kupewa matone kabisa. Baadhi yao huvibeba virusi vya chanjo kwa muda mrefu. Kuna mtu mmoja Uingereza aliyegunduliwa akivitoa kwa zaidi ya miaka 28.

Hatari ya pili haimhusu sana mtoto anayepewa matone. Inawahusu wasiochanjwa. Virusi dhaifu vikipata jamii ambamo wengi hawana kinga, vinapita kutoka mtoto hadi mtoto kwa miezi mingi, na kila hatua vinabadilika kidogo, hata siku moja vinarudia ukali wa kupoozesha. Mlipuko wa namna hii ulitokea kisiwa cha Hispaniola, Haiti na Jamhuri ya Dominika, mwaka 2000 na 2001. Aina ya 2 ndiyo iliyokuwa na tabia hii zaidi, na virusi vyake vya asili vilikuwa vimekwisha. Kuendelea kuiweka kwenye matone ya kawaida kukawa ni hasara bila faida, ndipo ikaondolewa mwaka 2016. Bahati mbaya sindano zilikuwa haba wakati huo, na virusi vya aina ya 2 vilivyokwisha kusambaa vikapata watoto wengi wasio na kinga nayo. Mwaka 2022 viligunduliwa kwenye maji taka ya London, na karibu na jiji la New York kijana ambaye hakuchanjwa alipooza. Agosti 2024, Gaza, alipooza mtoto wa miezi 10, wa kwanza huko katika miaka 25.

Soma tena mifano hiyo uone nani aliyepooza. Ni yule ambaye chanjo haikumfikia. Namwelewa mzazi anayesema, "Basi sitaki matone," lakini mtaa ukikataa matone ndipo virusi hivi hupata njia, kwa kuwa vinakua katika mapengo. Mwaka 2003 majimbo kadhaa ya kaskazini mwa Nigeria yalisimamisha chanjo kwa uvumi kwamba inaondoa uwezo wa kuzaa. Uvumi haukuwa na ukweli. Virusi vya huko vikatoka na kufika nchi nyingine kadhaa, hata Indonesia, na kuwalemaza watoto wa watu ambao hawakuwahi kuusikia uvumi wenyewe. Ilichukua hadi mwaka 2020 kwa Kanda ya Afrika kutangazwa kuwa haina tena virusi vya polio vya asili.

Wanasayansi hawakukaa kimya juu ya kasoro hii. Matone mapya ya aina ya 2, ambayo virusi vyake vimefungwa kijenetiki ili visirudie ukali kwa urahisi, yalianza kutumika Machi 2021. Uwezekano wa kubadilika umepungua sana, ingawa haujafika sifuri.

Kwa *zote mbili*, hatari ni za kila moja zikiwa zimepunguzwa. Sindano hukinga dhidi ya aina ya 2 ambayo matone ya kawaida hayana, na ikitangulia humlinda mtoto na ile hatari ya kwanza ya matone.

4. Kutolewa na kutunzwa

*Matone* hayahitaji mtaalamu wa sindano. Mtu aliyefunzwa vizuri anaweza kuwapa watoto wa mtaa mzima kwa siku chache, mlango kwa mlango, akiwapaka wino kidoleni ili wasirukwe. Udhaifu wa matone ni joto. Chupa huwa na kibandiko chenye duara, na ndani yake mraba mdogo wa rangi hafifu. Mraba ukiwa bado hafifu kuliko duara, chanjo ni nzima. Ukilingana nalo rangi au kulizidi, chupa hutupwa. Una haki ya kuomba uonyeshwe. Mtoto akitapika mara baada ya kupewa, mwambie mhudumu amrudie. Akiwa anaharisha sana, apewe, lakini arudiwe akishapona.

*Sindano* inahitaji mhudumu aliyesomea, vifaa safi na jokofu la nyuzijoto 2 hadi 8. Adui yake mwingine ni barafu, kwani ikiganda imeharibika. Ni ghali kuliko matone, na kuipeleka kwa mamilioni ya watoto kwa wiki moja ni kazi ngumu. Panapokuwa na uhaba, wataalamu hutoa moja ya tano ya dozi kwenye ngozi badala ya msuli, mara mbili, na kinga hupatikana vizuri.

Kuhusu *zote mbili* sina mengi: ziara nyingi, na kadi inayohitaji kuangaliwa kwa makini ili dozi ya sindano isisahaulike kwa sababu matone yamekwisha kutolewa.

5. Inamfaa nani

*Matone* yanawafaa watoto wanaoishi mahali virusi vinapozunguka au vinapoweza kuingia kirahisi, na jamii yoyote iliyo katikati ya mlipuko. Hayamfai mwenye upungufu mkubwa wa kinga, wala mtoto anayeishi nyumba moja na mtu wa namna hiyo, maana virusi vya chanjo hutoka na kinyesi kwa wiki kadhaa.

*Sindano* inawafaa karibu watu wote: watoto, watu wazima, wenye kinga dhaifu, na wakazi wa nchi zisizo na maambukizi. Ikiwa peke yake mahali palipo na mlipuko, inamlinda aliyechanjwa huku ikiwaacha majirani wazi. Hata hivyo mazingira huamua mengi. London mwaka 2022 ilijibu virusi vya maji taka kwa sindano za kuongeza nguvu kwa watoto wa mwaka 1 hadi 9, Israel mwaka 2013 ikajibu kwa matone, na Gaza mwaka 2024 matone mapya yalipewa watoto zaidi ya nusu milioni wa chini ya miaka 10. Kila mahali walipima hatari yao, vyoo na maji yao, na watoto wangapi walikuwa tayari wamechanjwa.

*Zote mbili* zinamfaa mtoto wa nchi ambayo maambukizi bado ni tishio na huduma za kliniki zinamfikia.

Kwa hali uliyo nayo

*Mtoto amekamilisha ratiba na kampeni ya matone imefika mlangoni.* Mpokelee, isipokuwa awe na upungufu wa kinga au aishi na aliye nao. Kampeni hufanywa kwa sababu pana virusi au pana hofu ya virusi, na dozi yake huufunga utumbo hata kama damu imekwisha kingwa.

*Umehamia nchi ya sindano pekee.* Mtoto hapunjwi. Hatari ya kukutana na virusi huko ni ndogo, na sindano inamlinda asipooze. Chukua kadi yake ya zamani. Matone aliyokwisha pata huenda yasihesabiwe yote kwenye ratiba ya huko, na daktari anaweza kuongeza dozi za sindano ili akingwe dhidi ya aina ya 2.

*Ratiba imekatika katikati.* Endelea palipoachwa. Hakuna haja ya kuanza upya, hata kama miezi mingi imepita.

*Mtoto ana mafua au homa ndogo.* Si sababu ya kuahirisha. Homa kali au ugonjwa mzito, ngoja mtaalamu aamue.

*Nyumbani kuna anayetibiwa saratani, aliyepandikizwa kiungo, au aliyezaliwa na kinga dhaifu.* Mwambie mhudumu kabla hajafungua chupa, na omba sindano. Kwa mtoto anayeishi na VVU uliza kliniki anakohudumiwa, kwani uamuzi hutegemea hali yake.

*Mtoto wa nyumbani kwako amepata matone karibuni.* Nawa mikono kwa sabuni kila unapombadilisha nepi, hasa katika wiki sita za mwanzo.

*Wewe ni mtu mzima ambaye hakuwahi kuchanjwa au hajui.* Sindano tatu: mbili zikitengana kwa wiki 4 hadi 8, ya tatu baada ya miezi 6 hadi 12. Aliyekamilisha utotoni na sasa anakwenda penye maambukizi, dozi moja ya kuongeza nguvu inatosha. Mjamzito mwenye safari kama hiyo azungumze na daktari wake kwanza.

*Unaishi katika nchi yenye virusi na unataka kusafiri nje.* Unaweza kutakiwa kuonyesha dozi uliyopata kati ya wiki 4 na miezi 12 kabla ya safari, ikiwa imeandikwa kwenye cheti cha kimataifa cha chanjo, ile kadi ya manjano. Usiiache hadi wiki ya mwisho.

*Mguu au mkono wa mtoto umelegea ghafla, awe amechanjwa au hakuchanjwa.* Hapa hakuna la kulinganisha. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo na sema neno "ghafla". Watahitaji sampuli mbili za kinyesi, zikitengana kwa saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu kiungo kilegee. Zikichelewa, virusi hupungua na vipimo huweza kuvikosa, na watoto wa jirani wakabaki bila tahadhari.